Pointi ya Mzee

Kwenye karatasi za Sweden mimi nimezaliwa mara moja tu. Kwenye uwanja wa buli wa mtaa wetu wa Hallonbergen nilizaliwa karibu kila mwaka, na kila mwaka nilizaliwa mapema kuliko mwaka uliopita. Tulipoanza mashindano nilikuwa kijana wa thelathini na kitu. Baada ya misimu mitatu nikawa nimeshavuka hamsini, na nywele bado nyeusi ti. Wala sikuwa peke yangu. Wote pale tulizeeka haraka kuliko maziwa yaliyosahaulika mezani.

Ngoja nieleze, maana mtu akisikia hivi atadhani tulikuwa na ugonjwa.

Buli ni mchezo wa kurusha mipira ya chuma kwenye kokoto. Kwanza unarushwa mpira mdogo wa mbao, halafu kila mtu anarusha mipira yake mitatu akijaribu kuukaribia. Aliye karibu zaidi anapata pointi. Wa kwanza kufika kumi na tatu kashinda. Basi, kwisha. Ni mchezo ambao mtu aliyeishia kidato cha pili anaweza kuuelewa siku hiyo hiyo, na mimi niliishia kidato cha pili, kwa hiyo tulipendana. Waswidi ule mpira mdogo wanauita "lillen", yaani kadogo. Sisi tuliuita Katoto.

Chanzo cha yote ni sufuria.

Kulikuwa na mama mmoja wa Mwanza pale kwenye majengo yetu ambaye sherehe zote za Waswahili zilipita mikononi mwake. Harusi, ubatizo, msiba, Idi, Krismasi, yeye ndiye mpishi. Alikuwa na sufuria moja la pilau, kubwa, unaweza kumwogeshea mtoto na ndugu yake humo. Alilileta kwa ndege kutoka nyumbani likiwa limejaa nguo na kufungwa kanga, ndilo sanduku lake. Siku alipoamua kurudi Mwanza moja kwa moja akagawa mapazia, akagawa pasi, akagawa mpaka mmea wa dirishani. Sufuria akaliacha barazani. "Hilo mtaamua wenyewe," akasema, akaingia kwenye teksi.

Wenyewe tulikuwa wawili. Mimi, kwa sababu mke wangu alikuwa rafiki yake. Na Mkongo mmoja aliyekaa Fisksätra, upande wa pili wa mji, kwa sababu, alivyosema yeye, ndiye aliyekuwa akilipandisha ngazi hilo sufuria kila sherehe. Huyu Mkongo alikuwa mwalimu huko kwao, na hata baada ya kuanza kazi ya ghalani hakuacha tai. Alikuja na tai kugombea sufuria. Tukabishana pale nje kwenye kokoto mpaka madirisha yakaanza kufunguka.

Chini kabisa ya jengo alikaa mzee mmoja Mrundi. Alijifunza mchezo huu Bujumbura, ujana wake, alipokuwa akitunza bustani ya mapadre, na yeye aliuita petanki. Pale Hallonbergen alikuwa akicheza na wastaafu wa Kiswidi kila mchana. Akatoka na mipira yake ndani ya soksi.

"Mnanikatisha usingizi," akasema. "Rusheni hii. Aliyeshinda alichukue, na wote mnyamaze."

Hatukujua hata namna ya kuishika. Mimi nilirusha kama mtu anayemfukuza kuku, Mkongo akarusha kama anayetupa chaki kwa mwanafunzi aliyelala. Mwisho wa yote mpira wangu mmoja na wa kwake mmoja ikakaa huku na huku ya Katoto, sawasawa, kama masikio.

Mswidi mmoja mstaafu, aliyekuwa anatazama, akafika hapo hapo na tepu ya kupimia. Wale hawatoki nyumbani bila tepu. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Wanaume wawili wazima wapige magoti kwenye kokoto, wapime sufuria kwa milimita? Hapana. Ikilingana, pointi ni ya mkubwa. Nani mkubwa hapa?"

Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema umri wangu wa kweli. Thelathini na minne.

Mkongo akakohoa, akanyoosha tai. "Miye niko na myaka makumi ine na tano."

Nilikuwa nimekaa naye darasa moja la Kiswidi majira ya baridi yaliyopita. Zoezi la kwanza kabisa lilikuwa kutaja umri. Alisema thelathini na mitano. Kwa hiyo kutoka baridi mpaka masika mwenzangu alikuwa amekula miaka kumi. Sikuwa na la kufanya, akabeba sufuria akaenda nalo kwenye treni mpaka Fisksätra, na abiria wakampisha kiti wakidhani ni ngoma.

Ndivyo ilivyozaliwa pointi ya mzee, na ndivyo yalivyozaliwa mashindano. Mwaka uliofuata nilitaka kulipiza kisasi, na wengine nao wakataka kuingia, kwa hiyo kila mwaka theluji ikishayeyuka na viatu vikishaanza kukauka, tulikusanyika Jumamosi moja pale kokotoni. Mshindi anakaa na sufuria mwaka mzima. Mzee aliacha kucheza, akawa mwamuzi, na kiti chake cha kukunja.

Tepu haikuruhusiwa. Vyeti pia havikuruhusiwa, maana vingetuvuruga tu. Nusu ya Warundi na Wanyarwanda pale walikuwa wamezaliwa tarehe moja Januari, wote, tarehe waliyopewa na ofisi kwa sababu ya kweli haikujulikana. Mwaka mpya ukifika unaandaa keki moja kwa watu kumi na wawili. Kwa hiyo umri ulithibitishwa kwa mdomo. Hapo sasa ndipo kilipokuwa kipaji.

Mkongo aliapa kwamba anakumbuka Wabelgiji wakifunga virago, na kwamba mmoja alimwachia baiskeli. Mkenya mmoja dereva wa basi, mcheshi, ambaye kila mwaka alitolewa nusu fainali, alidai alikuwa tayari na ndevu Mzungu wa mwisho alipoondoka wilayani kwao. Mimi sikukubali kuachwa. Nikasema nilicheza ngoma usiku wa Uhuru wa Tanganyika.

"Ulicheza tumboni mwa nani?" Mzee akaniuliza.

"Nilicheza kwa miguu yangu, Mzee. Nilikuwa na kaptula ya kaki."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, lakini pointi nikapewa. Mwaka ule nilishinda sufuria. Na kweli lilipokuwa barazani kwangu nilijisikia mtu. Jirani wa Kiswidi aliangalia mfuniko wake uking'aa juani, akaniuliza kwa adabu unakamata chaneli ngapi.

Sufuria lilikuwa na heshima yake. Haliazimwi hivi hivi. Mwenye sufuria anakuja nalo kwenye sherehe yako, anapewa kiti cha mbele, anakabidhiwa mwiko, na kabla chakula hakijapakuliwa anasimama na mwiko mkononi kuzungumza kwa niaba ya mwenye shughuli. Asiye na mwiko hasemi, hata awe baba wa bwana harusi. Sijui nani alianzisha hilo. Nafikiri ni Mkongo.

Mwaka wangu mimi, hakuoa mtu. Hakuzaa mtu. Hakufa mtu, na tunamshukuru Mungu, lakini kulikuwa na mzee mmoja wa Kista anakohoa vibaya sana na mimi nilikuwa nimeshapiga suti pasi. Akapona. Sufuria likarudi uwanjani halijapika hata punje.

Miaka mingine, karibu yote, lilikuwa Fisksätra. Na Mkongo akisimama na mwiko, jamani, tafuta pa kuegemea. Kwenye ubatizo mmoja alianza na maana ya maji, akaenda mto Kongo, akapanda nao mpaka kwenye maporomoko, akataja makabila ya ukingo wa kulia, akavuka, akataja ya ukingo wa kushoto. Aliporudi kwa mtoto, mtoto alikuwa amelishwa mara mbili. Kwenye harusi moja bwana harusi alilala, bibi harusi akamfunika. Pilau lilikuwa linatulia kwenye sufuria, linapoa, tunalinusa, na yeye anapunga mwiko hewani: "Et donc, basi, wapendwa, tuingie sasa kwenye sehemu ya pili."

Sasa ukafika mwaka ambao binti yangu alikuwa anamaliza shule.

Huku mtoto akimaliza sekondari si jambo dogo. Anavaa kofia nyeupe kama nahodha, anatoka shuleni mbio, wazazi wanamsubiri nje wameinua bango lenye picha yake ya utotoni, halafu wanapanda lori lenye matawi ya miti wanazunguka mji wakipiga kelele. Jioni ni sherehe. Binti yangu alikuwa amefanya vizuri sana, mpaka walimu wakaniita kuniambia, na mimi nikajibu "ja, ja", ndiyo ndiyo, kwa kila kitu kwa kuogopa nikisema neno la pili watagundua akili hizo hakuzitoa kwangu.

Mke wangu alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, na huko ana amri, kwa hiyo na nyumbani hakuacha. Alipiga hesabu ya wageni akasema linahitajika sufuria.

"Si tupike kwenye sufuria tatu ndogo?" nikamwambia.

"Sufuria tatu ni pilau tatu. Watu watalinganisha. Unataka shughuli ya mwanangu watu wabishane hili lina chumvi lile halina?"

"Basi litakuja na Mkongo."

Akaanza kuhesabu wageni upya. Na yeye alikuwepo kwenye ule ubatizo.

Mimi jambo langu lilikuwa moja tu. Nilitaka kusema mwenyewe. Siku hiyo moja, mbele ya watu, nizungumze juu ya mtoto wangu mimi baba yake, si mtu mwingine amchukue na kumpitisha mto Kongo. Nilikuwa na hotuba fupi. Nilikuwa nimeitunga kwa Kiswidi kabisa, kwa ajili ya walimu na marafiki zake, na nilikuwa naifanyia mazoezi kila alfajiri kwenye treni ya bluu nikienda kusafisha maofisi Kista. Kati ya Hallonbergen na Kista kuna kituo kilichojengwa wakakiachia njiani. Kuta zipo, jukwaa lipo, treni inapita haisimami. Kila nikipita pale nilikuwa nakipungia mkono kimoyomoyo, maana ile ndiyo shule yangu. Na hotuba yangu yote ilitoka pale.

Nikamwambia mke wangu: "Nitalishinda sufuria."

"Utalishindaje, na hujalishinda miaka yote hii isipokuwa mmoja?"

"Nitalishinda."

"Basi safari hii nakuja kuangalia," akasema.

Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili. Wake zetu hawakuwahi kuja uwanjani. Waliona ni upuuzi wa wanaume, na walikuwa sahihi.

Jumamosi yenyewe jua lilikuwa kali. Mke wangu alikuja na kiti na thermosi ya chai. Binti yangu akaja na simu yake. Na kwenye treni ya kutoka Fisksätra Mkongo akashuka na tai nyekundu, na nyuma yake mkewe, mama mnene wa Bukavu mwenye kicheko cha kupasua vioo, ambaye naye alikuwa amesikia kwamba safari hii kuna ushindani. Wakakaa pamoja na mke wangu, wakamiminiana chai. Mimi nikaona vizuri, wanaelewana.

Nilicheza siku hiyo nisivyowahi kucheza. Mkenya nilimtoa nusu fainali mpaka akasema, "Wewe leo umelala na hii mipira kitandani." Na kweli nililala nayo, chini ya kitanda. Fainali tukaingia mimi na Mkongo. Yeye alikuwa na kitambaa, anafuta kila mpira, anauangalia kama yai, anachuchumaa, anausukuma taratibu. Mimi bado nafukuza kuku, ila kuku sasa nilikuwa nawapata.

Akaenda mbele nane kwa tano. Nikamfikia. Akatoka tena. Nikamfikia tena kumi na mbili kwa kumi na mbili. Mzunguko wa mwisho, pointi moja, sufuria.

"Mon cher," akaniambia huku akifuta mpira, "usijali. Mambo ya mtoto yako nimesha yapanga. Nitaanza na maana ya kofia."

Niliona kofia nyeupe, nikaiona inaingia kwenye mtumbwi.

Akarusha wa mwisho wake. Ukatua laini, ukajiviringisha, ukakaa karibu na Katoto kushoto. Nilikuwa nimebaki na mmoja. Nikafumba macho, ndiyo, nilifumba, nikarusha. Nikasikia umegonga jiwe, nikasikia watu wamesema "Aaah!". Nikafumbua. Mpira wangu ulikuwa umekaa kulia kwa Katoto. Kama masikio.

Mzee akaamka kitini. Akainama, akavaa miwani. Akazunguka, akavua miwani. Akaangalia kutoka upande wa Mkongo, akaangalia kutoka upande wangu. Yule Mswidi mstaafu, ambaye miaka yote hakukosa fainali hata moja, alikuwa ameshavuta tepu nusu.

"Får jag?" akaomba, yaani naruhusiwa?

"Nej tack," Mzee akamwambia, hapana asante. Kisha akatugeukia. "Imelingana. Nani mkubwa?"

Mdomo wangu ulishazoea. Ulifunguka wenyewe. "Mzee, mimi hapa nina hamsini na—"

Ndipo nikaona uso wa mke wangu. Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Enhe," akasema. "Malizia. Hamsini na ngapi?"

Kwenye ndoa yangu mimi nina arobaini na minne, na hiyo ndiyo kweli. Mama mkwe wangu alikuwa ameshamkataa mchumba mmoja kwa sababu ya uzee, na aliponihoji mimi alinihesabia miaka kama mtu anayenunua ng'ombe. Mke wangu anampigia simu kila Jumapili.

"Ni... ni mambo ya mchezo, mama," nikasema.

"Umri wako ni mchezo?"

Mkongo akaanza kucheka, na mkewe naye. Alicheka vizuri kabisa, tai inaruka ruka. Lakini Mkenya, ambaye alikuwa anatafuta pa kutolea machungu yake, akasema kwa sauti ya upole: "Lakini si huyu naye mwaka jana alituambia yuko na sitini na mmoja?"

Kicheko cha yule mama wa Bukavu kikakatika.

"Makumi sita?" akasema. Akasimama. "Baba, makumi sita na moya? Wewe uliambia baba yangu nini? Uliambia baba yangu uko kijana! Baba yangu mwenyewe ana makumi sita na saba!"

"Chérie, sikiliza—"

"Miye niliolewa na rafiki ya baba yangu?"

Na alikuwa bado na thermosi mkononi.

Basi Mkongo akanigeukia mimi. Sijawahi kumwona akiwaza haraka vile. Akapiga hatua mbili, akainama, akanyoosha mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Shikamoo, kaka!"

Miaka yote ile, tangu sufuria la kwanza, hakuwahi kunipa shikamoo. Wakongo wenyewe wala hawana mambo ya shikamoo, alijifunzia kwetu. Nikaruka nyuma kama nimemwagiwa maji ya moto.

"Aka! Shikamoo wewe! Wewe ndiye mkubwa! Si uliachiwa baiskeli na Mbelgiji?"

"Baiskeli gani? Ilikuwa ya baba yangu! Miye nilikuwa mutoto mudogo, nilikaa nyuma! Wewe ndiyo ulicheza ngoma ya Uhuru na kaptula ya kaki!"

"Uhuru?" Hiyo ilikuwa sauti ya mke wangu.

"Sikucheza! Sikuwa nimezaliwa! Shikamoo, mzee wangu!"

"Shikamoo, baba!"

"Shikamoo, babu!"

Tukawa tunazungukana pale kwenye kokoto, kila mtu ameinama kumzidi mwenziwe, vichwa karibu vigongane, kila mmoja anamkimbizia mwenzake heshima na mwenzake anaikimbia. Mtu yeyote aliyekuwa anapita na mbwa alisimama. Yule Mswidi akamuuliza binti yangu kuna nini. Binti yangu, akirekodi na simu, akamjibu kwa Kiswidi kwamba wanabishana nani mdogo. Mswidi akatikisa kichwa kwa huruma, akasema si waangalie namba ya kuzaliwa kwenye kitambulisho. Warundi waliokuwa karibu, wale wa tarehe moja Januari, walicheka mpaka mmoja akalala chini.

"Kimya!" Mzee akapiga kiti kwa fimbo.

Tukaacha kuzungukana, bado tumeinama.

"Nauliza mara ya mwisho. Wewe ni mkubwa?"

"Hapana, Mzee," akasema Mkongo.

"Na wewe?"

Niliangalia sufuria. Lilikuwa pale pembeni, juani, linang'aa. Ningesema ndiyo, ningelibeba. Hotuba yangu ilikuwa imekaa kooni tayari. Halafu nikamwangalia mke wangu, mikono kifuani. Angempigia mama yake simu kesho, Jumapili.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Mimi mtoto."

"Vizuri. Hapa basi hakuna mkubwa ila mimi. Pointi ni ya mkubwa. Pointi ni yangu." Akakunja kiti. "Mnibebee sufuria langu ndani."

Akashinda fainali bila kurusha hata kokoto. Tukambebea, mimi mkono mmoja, Mkongo mkono mwingine, na wake zetu nyuma wakiulizana maswali kwa sauti ya kutosha sisi kusikia.

Mashindano yaliendelea msimu mmoja tu baada ya hapo. Wake zetu walishajua njia ya uwanjani, kwa hiyo umri wetu ulishuka ghafla, Mkongo akarudi arobaini na tano aliyoianzia, na tepu ya Mswidi ikapata kazi. Ilikuwa haki tupu. Ilikuwa inachosha ajabu. Bila ubishi wa Uhuru na Wabelgiji kilichobaki ni chuma na kokoto, na watu wakaanza kusema Jumamosi hiyo wana kazi.

Lakini hiyo ni baadaye. Kabla yake ilikuwa sherehe ya binti yangu, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu. Mzee alikuja na sufuria, akapewa kiti cha mbele na mwiko. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Mzee akizungumza anaweza kuwa mfupi, lakini anaweza pia kuanza na bustani ya mapadre, na ile bustani ilikuwa na miti mingi. Pilau lilikuwa limeiva, mfuniko unafukuta. Binti yangu amekaa na kofia yake, marafiki zake wa Kiswidi wananusa hewani, walimu wawili wamekaa wima. Mkongo yuko meza ya pili na mkewe, ana tai ya bluu, amekunja uso kama mchezaji wa akiba.

Mzee akasimama na mwiko. Akaangalia watu, akaangalia binti yangu.

"Huyu mtoto namjua," akasema. "Tangu mdogo, akipita uwanjani ananisalimia, na anasubiri nijibu. Wengi hawasubiri." Akaupima mwiko mkononi. "Mwiko huu mzito na mimi nina njaa. Baba mtu, njoo unishikie."

Akakaa.

Nikaenda. Nikashika mwiko. Kwa sheria yetu, mwenye mwiko ndiye anayesema, na hapakuwa na mtu wa kubisha. Nikakohoa. Nikasema "Kära gäster," wageni wapendwa, na hapo hapo Kiswidi chote kikaondoka kichwani, kama treni, nikaona taa zake nyekundu tu zinaishia gizani. Miezi ya alfajiri yote ile. Binti yangu akafunika macho kwa mkono.

"Mufupi, mon cher!" Mkongo akapiga kelele kutoka nyuma. Yeye! Mufupi!

Watu walicheka, na mimi nikacheka, nikaona basi, niseme kwa lugha ninayoijua.

"Mwanangu," nikasema, "mimi shule niliachia njiani, unajua. Shule yangu ni kama kile kituo cha kati ya hapa na Kista. Kuta zipo, treni haisimami. Kila asubuhi nakipita nakuwaza wewe. Wewe hukuachia njiani. Wewe umefika Kista, umefika mwisho wa laini."

Mama wa Bukavu alikuwa ameshatoa kitambaa. Binti yangu akaondoa mkono machoni, macho yamelowa, akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote:

"Pappa, slutstationen är Akalla."

Mwisho wa laini ni Akalla, si Kista. Vituo viwili mbele. Ukumbi mzima ulilipuka, Waswidi kabla yetu, na yeye akaja na kofia yake akanikumbatia mimi na mwiko pamoja, mwiko ukampaka mafuta begani kwenye gauni jeupe.

Ndiyo hotuba yangu yote. Nikafungua mfuniko, nikaanza kupakua. Mke wangu akasimama karibu yangu akinipokeza sahani. Sahani ya tano au ya sita akaniinamia sikioni.

"Hebu niambie ukweli," akasema. "Hiyo kaptula ya kaki ilikuwa ya nani?"

Nikamwekea nyama tatu kubwa, nikamwita mgeni anayefuata.